Zamu ya Shinuna

Skuli imefungwa leo. Wadi imeteremka usiku
ikakata barabara ya Ibra pale bondeni,
ikachukua gari la mtu na matangi mawili ya maji.
Maji yamebeba maji, kasema mume wangu, akacheka peke yake.

Basi darasa la tisa limehamia jikoni kwangu.
Wasichana ishirini na sita, hakuna uso hata mmoja,
majina tu, kila jina na rangi yake,
na ukurasa mmoja tunaouandika sote.

Mada: Falaji ya mtaa wetu.
Azza, zambarau, amebandika picha ya mfereji.
Wadha ameandika "kwa hakika" mara nne katika sentensi moja.
Thuraya anamsahihisha Wadha kabla neno halijaisha,
nami namwandikia pembeni: Mwache apumue.
Vijistari vyao vinapepesa, vinakimbizana
kama sisimizi walioonjeshwa sukari.

Shinuna ni kijani. Kijani kimesimama chini kabisa
tangu saa mbili asubuhi, hakisogei.
Darasani pia ndivyo alivyo: dirishani,
daftari wazi, kalamu mdomoni.
Kwenye ripoti ya muhula nilimwandikia "hashiriki".
Neno moja. Nikaona limetosha.

Saa nne na robo, Muzna,
ambaye jina lake ni wingu la mvua na leo kalitendea haki,
kachagua ukurasa mzima akitaka kubadili mwandiko,
mkono ukateleza.
Mweupe. Pe.
Kimya cha watu ishirini na sita, halafu wote kwa pamoja:
Abla! Abla!

Nikasema tulieni, ukurasa huu hausahau.
Nikafungua kumbukumbu zake, nikashuka ngazi moja moja:
asubuhi hii, jana jioni, nikapitiliza,
nikarudi juu, saa nane na dakika kumi na nne,
saa nane ya usiku,
kijani.

Aya nzima, wala si Kiarabu.
Kiswahili cha nyumbani, kile tunachokivua mlangoni
tukitoka, kama kanga ya kulalia:

*Bibi alikuwa na nusu saa ya maji kila siku ya nane.
Kairithi kwa babake. Kaiuza mama apate kusoma.
Siku hizi akipita falajini hunawa vidole tu,
anasema hata hivyo ni wizi mdogo.*

Dakika sita baadaye kaifuta. Kaandika tena. Kafuta.
Mara tano hivyo mpaka adhana ya alfajiri,
nami nimelala fofofo, mwalimu mwenye neno lake moja.

Ningeweza kuirudisha, ni kitufe tu.
Kidole kilifika.
Nikakirudisha kidole.
Nikawaletea ukurasa wa saa nne, na "kwa hakika" zote nne,
Muzna akamshukuru Mungu kwa herufi kubwa.

Kwa Shinuna nikafungua kidirisha cha watu wawili:
Nimeiona ya usiku. Ni yako, fanya utakavyo.
Akajibu nukta.
Nukta si ndiyo. Nukta si hapana.

Kipimo cha maji huku chaitwa athari,
nusu saa, wazee walikihesabu kwa nyota;
na zamu ya mtu ikifika, jirani huziba mfereji wake
kwa tambara na jiwe, wala hangoji kuambiwa.

Nikawaandikia wote: mikono mapajani, dakika tano.
Wadha: Kwa nini?
Thuraya: Mwache abla apumue.
Vijistari vikatulia, kimoja, kimoja.
Nje matone ya mwisho yanagonga bati la banda la gari.
Chai yangu imeota ngozi.

Kijani kikasogea.
*Bi*
Kikarudi nyuma, kikafuta. Kikasimama.
Mikono yangu nimeikalia.
*Bi*